Kwa Mpangaji wa Chumba cha Tatu

Karibu. Ufunguo ni huu, unazungushwa kushoto.
Mlango una ukaidi wake asubuhi za sakitu.
Hapa Kibena, mwezi wa saba, maji ya bomba
hutoka kama yamenolewa.
Ndiyo maana bafuni kuna hita.
Ndiyo maana nakusimamisha hapa
kabla hujatua begi.

Aliyekaa kabla yako, Otmari, mpasua mbao,
alikuwa mtu wa masihara.
"Mama Gaudensia, bomba lako linatekenya!"
Tukacheka. Wiki nzima ikawa salamu ya uani:
nani katekenywa leo?
Akawa anaoga na kandambili miguuni,
koki akiishika kwa kitambaa kikavu,
akaona huo ndio ufundi.

Nami nilicheka, sikufichi.
Sikujua umeme nao hupiga hodi
kwa ncha ya kidole
kabla haujaingia na mwili wote.

Kandambili ilikatika ukanda siku ya Alhamisi.
Nilisikia kishindo, si sauti.
Mlango huu mkaidi siku ile haukushika komeo,
akatoka nao mgongoni, akalala pale penye karo,
mvuke ukimtoka mabegani.
Alikuja kusema neno saa nne. Alisema: "Baridi."

Fundi Wendelini alibomoa ukuta kwa patasi.
Waya wa kijani na njano tuliukuta:
umetoka kwenye hita vizuri,
umeshuka vizuri,
umeingia kwenye lipu, ukaishia humo.
Umekatwa, umekunjwa, umefukiwa na saruji.
Haukwenda popote.
Na aliyeuweka nilimlipa fedha kamili,
na chai juu.

Basi tukachimba. Jioni ikatukuta tukigongelea
fimbo ya shaba, ndefu kuliko mimi,
pale chini ya mparachichi, kwa nyundo, mkaa na chumvi.
Jumapili mjumbe akaja na daftari.
"Majirani wanasema umezika kitu usiku."
Nimezika.
"Cha nini?"
Hasira za umeme zipate njia ya kwenda kulala.
Aliandika. Sijui aliandika nini.
Mama Tulizo wa nyumba ya pili hadi leo
akipita hapo huzunguka.

Sasa sikiliza.
Mwezi wa tisa udongo ukipasuka,
mwagia fimbo ile ndoo moja ya maji. Usianike nguo juu yake.
Tangi lile jeupe lina kijibomba kinachodondosha tone:
usikizibe kwa tambara, ndipo linapopumulia.
Washa, subiri, zima huku nje, ndipo uingie.
Kile kisanduku juu ya luku kina kitufe;
kila tarehe mosi nakibonyeza, *ka!*,
nyumba nzima giza, wajukuu wanapiga kelele,
nami nashukuru. Siku nitakayobonyeza
taa zikabaki zinawaka, hapo ndipo nitaogopa.

Na ile koili ya kuchovya ndooni
uliyoiviringisha ndani ya blanketi, nimeiona.
Irudishe kwenu.

Bomba likikutekenya, hata kidogo,
hata ukidhani ni baridi tu ya vidole,
usicheke, usioge. Nigongee.
Hata saa nane za usiku nigongee.

Otmari bado hupita, mara nyingine, baada ya misa,
ananiletea mabanzi ya kuwashia moto.
Mkono wa kulia haujui tena moto wala baridi.
Huomba ruhusa, huingia bafuni na viatu,
hugusa koki kwa nyuma ya kidole cha kushoto,
anasubiri.
Namwona kupitia upenyo wa mlango:
ameinamisha kichwa
kama anayesikiliza mtu aliyelala chumba cha pili.
Kimya.
Anafunga mlango polepole, anasema nimpe chai.