Ganda la Tisa

Baba hashiki tena kipimo cha baruti.
Mkono wake wa kulia una mtetemo wake wenyewe,
kama birika linalokaribia kuchemka,
na baruti nyeusi haitaki mkono wa namna hiyo.
Basi nashika mimi. Yeye anahesabu.

Jikoni kwetu, Norfolk, Januari. Redio imezimwa
ili asikie marisawa yakishuka.
Bunduki imelala juu ya gazeti la juzi:
kipimo cha nane, ya mjomba wake Hezekiah.
Nane, kwa kuwa ratili moja ya risasi
ilitoa gololi nane za kuujaza mdomo wake.
Mtutu ni chuma cha kusukwa, mistari yake kama ukili.
"Usimlishe baruti ya siku hizi," husema kila mwaka.
"Bibi huyu atapasuka, na uso wako pamoja naye."

Fataki kitakoni. Baruti. Kadi.
Sufi nene niliyoikata kwenye kofia ya marehemu kasisi.
Bismathi, maana sheria imeikataza risasi penye mabata,
na kwa bei yake baba huziokota punje
moja moja sakafuni, kwa magoti.
Halafu kikadi cha juu, na gundi ukingoni.

Sandukuni mlikuwa na maganda tisa ya shaba.
Manane matupu.
La tisa zito.

"La mama yako," akasema,
akatazama dirisha ambalo lilikuwa giza tupu.
Kisha: "Hilo ni risasi, halipigwi tena. Lifungue. Shaba ni shaba."

Nikaichokoa gundi kwa sindano ya kushonea viatu.
Mama alikata vikadi kwenye chochote,
boksi la shayiri, kalenda, salamu za Krismasi za watu aliowachoka.
Hiki kilitoka kizima, na maandishi ya taipu:

*hamisi, saa nne na n*
*liniki ya kifua. Usiko*

Nikamwaga marisawa kwenye sahani.
Chini yake, juu ya baruti, kikadi cha pili:
*Bi. D. Thirkett*

Nikakigeuza. Upande wa nyuma mweupe.
Baba alikuwa ameacha kuhesabu.
"Aliniambia alikwenda," akasema.
"Alirudi na samaki wa kukausha. Tukala."

Alfajiri akashuka kinamasini na maganda manane.
Nikabaki nikingoja ule mshindo
unaotikisa vikombe kabatini.
Vikombe vilitulia.

Saa tatu akaingia, matope hadi mapajani,
akayapanga mezani maganda yote manane,
mazito kama nilivyompa.
"Bukini hawakuja?"
"Walikuja. Walipita chini sana, nimeona miguu yao."

Akanawa. Akakaa.
"Lile la tisa umelijaza?"
"Bado."
Akavuta kiti karibu na mzani,
akafumba macho,
akaanza kuhesabu.