Darini

Kompyuta niliipata kwa elfu arobaini
shule moja ya Makambako ilipobadilisha vifaa.
Haina kifuniko upande mmoja, na feni yake
inakoroma kama paka aliyelala jikoni.
Niliiunga na runinga ya mama
usiku wa Juni, hapa Njombe, baridi ile
inayogandisha mafuta ya kula chupani,
nikapakia programu ya kuonyeshea video
ambayo haiuzwi.

"Haiuzwi? Basi imeibwa," akasema mama,
akivuta jiko la mkaa karibu na miguu.
Hapana, mama. Wameiandika watu,
huyu usiku huu, yule asubuhi ile, hawajuani sura,
na maandishi yake wameyaacha wazi:
asomaye asome, arekebishaye arekebishe.
Akanyamaza. Akachochea makaa.
"Ni mgowe, basi. Wanalima shamba la mtu.
Ila pombe anapika nani?"

Sikuwa na jibu.

Kanda za baba zilikuwa thelathini na sita.
Nilizihamisha moja moja, nyingine zimeota ukungu:
harusi za Uwemba, kipaimara cha Lupembe,
mahafali, msingi wa zahanati,
mvua ya mawe iliyorekodiwa kutoka dirishani
bila sababu.
Programu ikazipokea, ikaenda mtandaoni
kuulizia kila moja jina lake, mwaka, waigizaji,
kama mgeni mwenye adabu anavyoulizia ukoo.
Ikarudi mikono mitupu.
Mara thelathini na sita: Haijulikani.

"Haijulikani na nani?" Mama akavaa miwani.
"Andika."

Jina: Harusi ya Nolasta.
Mwaka: ule wa viazi kuoza ardhini —
inataka tarakimu, mama —
basi tisini na nane.
Waigizaji: Nolasta. Bwana harusi usimwandike.
Vumilia Mlowe, yule anayecheza na mtoto mgongoni.
Mbuzi.
Mbuzi?
"Mbuzi. Ameonekana kuliko mchungaji."
Muhtasari: Ulanzi uliisha saa nane.
Watu wakabaki.

Mwongozaji: Lutengano Nyagawa.
Hapo akasita.
Baba hayumo katika kanda hata moja,
bega lake lilikuwa limebeba kamera.
Kuna kikohozi, dakika ya kumi na mbili,
na kivuli kirefu chenye nundu juu ya nyasi
jua lilipokuwa likishuka nyuma yake.
"Rudisha," akasema. Nikarudisha.
Kikohozi.
"Rudisha."
Kikohozi.
"Mweke na kwenye waigizaji."

Usiku wa tatu akagombana na neno.
Juu ya orodha paliandikwa Maktaba.
"Maktaba ni ya vitabu vya watu. Hivi vyetu
vimekaa moshini, kama mahindi ya mbegu.
Hapo paandikwe Darini."
Ingekuwa ya kununua ningemwambia haiwezekani, tulale.
Nikafungua maandishi, mistari elfu kwa elfu,
nikapekua kama achambuaye maharage
akitafuta kijiwe kimoja anachojua kimo,
nikalitoa lao, nikaweka letu. Nikazima.
Nikawasha.

Darini.

Mwanga wa bluu ukamwagika usoni pake.
Hakushangilia. Aliitikia kwa kichwa tu,
kama mtu aliyekuta kijiko mahali pake,
akaomba ile ya mvua ya mawe.
Tuliitazama yote, dakika tisa
za bati linalopigwa na uwanja unaogeuka mweupe.
"Ndiyo siku uliyozaliwa," akasema.
Sikuwahi kuambiwa.

Neno la pili nimelituma kwao,
wale wasiojuana sura:
palipo Haijulikani,
wafikirie Bado Hatujaambiwa.
Sijui kama watalipokea. Ni tuta langu moja
katika shamba ambalo mwisho wake siuoni.

Mama ameuliza mara mbili kama nimejibiwa.
Kuhusu pombe, anasema wavumilie,
mianzi haitoi kitu kiangazi;
waje masika.