Jina la Pili

Baba alinifundisha kulitamka kwa pumzi mbili:
Yagi, unameza mate, Uda.
Katika duka letu la Sendai, nyuma ya soko la samaki,
mteja aliyeomba "Yagi moja, ya paa la vigae"
alisahihishwa kwanza, ndipo akauziwa.
Wengine walicheka. Wengine walikwenda kununua kwingine.
Mama alisema tungekuwa tumeshatajirika
lau mumewe angejua kufupisha maneno.

Shuleni walinitania,
maana kwa lugha yetu yagi ni mbuzi pia.
"Mikage, baba yako kafunga mbuzi wangapi leo?"
Nami nikitazama juu niliwaona kweli,
mbuzi wa alumini, wamekonda, mbavu nje,
wote wameuelekezea pua mnara wa kilimani
kama walionusa majani mabichi.

Hadithi aliisimulia huku akikunja waya, macho kwenye waya.
Kwamba zamani, kabla ya vita, chuoni papa hapa mjini,
palikuwa na mwalimu na msaidizi wake.
Msaidizi ndiye aliyekesha na vijiti:
anakisogeza kimoja wanda moja, anapima, anaandika,
anakirudisha, anapima tena,
baridi ya Februari imemganda vidoleni.
Mwalimu akaja kuyaeleza yote kwa lugha ya ng'ambo.
Na watu wa ng'ambo, kama mtu yeyote afunguaye mlango,
wakalishika jina la aliyebisha hodi.

"Hakuiba," Baba alisema. "Usije ukasema aliiba.
Jina refu huchoka njiani. Ni hilo tu."
Lakini kila alipofika kwenye "ni hilo tu"
koleo lilimponyoka.

Kisha ukaja mwaka wa kuzimwa mawimbi ya zamani.
Tukaitwa nyumba hadi nyumba kushusha tulizozipandisha.
Mimi juu, Baba chini ameshika ngazi.
Hakuwahi kupita kipago cha tatu;
nilidhani ni magoti.

Kwa Bi Onodera skrubu zilikuwa zimeoana na kutu.
Nilizipiga nyundo, nikazitukana, zikaachia,
na upande wa ndani wa kibanio, usiofika mvua,
palikuwa na maandishi yaliyochorwa kwa msumari:
*Hareyama. Showa 41. Upepo mkali.*

Miaka minane kabla sijazaliwa.

"Baba, Hareyama ni nani?"
Ngazi ilitikisika kidogo.
"Ndiye aliyepanda."
"Paa hili?"
Akatazama mtaa wote, kulia, kisha kushoto,
polepole, kama anayehesabu deni la mtu mwingine.
"Mapaa," alisema.

Njiani tuliendesha bila redio.
Kibao cha duka kilitupokea na herufi zake nyekundu,
ANTENA ZA SHIOZAWA, kila herufi kubwa kuliko mtoto,
na nikakumbuka somo langu la kwanza kaunta ile ile,
nikiwa na miaka tisa, antena mezani kama mwiba wa samaki:
"Waya unafungwa kwenye kijiti kimoja tu, unaona?
Hivi vingine havigusi chochote.
Viondoe sasa, usikie."
Nikaviondoa. Picha ikajaa theluji.

Usiku ule Mama alimkuta jikoni
akikisugua kibanio kwa kitambaa kikavu,
upande wa nje tu.
Asubuhi kilikuwa kaunta, kando ya mashine ya fedha,
na mteja wa kwanza, kijana wa kampuni ya intaneti,
akauliza ni kipuri cha nini.

Baba alivuta pumzi. Nilijua ni ya kwanza kati ya mbili.
"Hareyama," alisema,
akangoja,
wala hakuongeza jina lingine.