Hatua Kushoto

Kibodi ilikuwa moja, puku hapakuwa.
Nyuma ya duka la Ong'wen, Kondele,
kati ya mashine ya fotokopi na ndoo ya maji ya mvua,
shilingi tano dakika kumi,
na Ong'wen akihesabu kwa saa ya ukutani
iliyokimbia dakika tatu mbele, kwa faida yake.

Tuligawana mwili mmoja.
Miguu ilikuwa yangu: mishale minne,
na kile kitufe cha kwenda upande kama kaa.
Kidole kilikuwa cha Okech. Kitufe kimoja tu, pembeni,
kwa kuwa siku zile vidole vyake vingine
vilikuwa vimevimba mithili ya ndizi mbivu.

Bwana tuliyemwendesha hakuwa na jina.
Hakuweza kuruka. Hakuweza kutazama juu
wala kuinama aone viatu vyake.
Adui akiwa ghorofani, elekeza bunduki ukutani, chini yake,
risasi yenyewe itapanda kumtafuta.
"Laiti sindano nazo zingekuwa hivyo," alisema Okech,
maana kule Russia, hospitalini,
muuguzi alimtoboa mara nne ndipo apate mshipa.

Chini ya kioo palikuwa na uso.
Mia kwa mia: umetulia, macho yakienda huku na huku.
Sitini: damu puani.
Ishirini: jicho limefumba,
na tarakimu nyekundu kando yake haidanganyi.
Mama angeuza cherehani aipate tarakimu ile
juu ya kitanda cha Okech, usiku,
anapouma shuka asituamshe.

Sheria tulizijua bila kufundishwa.
Kisanduku cheupe cha dawa hukiokoti ukiwa mzima;
kitakungoja pale pale sakafuni,
basi usikimalize ovyo kwa mkwaruzo mdogo,
kumbuka kilipo, nenda ukaumie kwanza.
Mlango wa buluu hautaki maneno, unataka ufunguo wa buluu.
Karibu na pipa usisimame.
Mashetani wawili wakipigana risasi kwa bahati mbaya
watasahau kwamba upo:
rudi nyuma, waache wamalizane.
Na ukuta ambao rangi yake imekosea kidogo,
usukume.
Tulisukuma kuta nyingi. Okech alisukuma hata wa choo cha shule.

Jumatano moja stima ilikuwa inacheza,
ikififia kila fundi wa mageti jirani alipogusa chuma.
Okech akasema hifadhi, nami nikahifadhi
bila kutazama.
Nafasi ilikuwa moja. Ya jana ikafutika.
Tulipoufungua mchezo tena ndipo tukaona tulichokiweka:
asilimia tisa, risasi mbili,
na mpira wa moto tayari uko hewani,
umeshatoka mkononi mwa mwenyewe, unatujia usoni.

Kila tukifungua, tunafungua papo hapo.
Kila tukifa, tunafia papo hapo.
Mara kumi na moja. Ong'wen alicheka hadi akaisahau saa yake.
Kisha Okech, aliyekuwa akihesabu kwa midomo
kama mtoto anayengoja zamu ya kuruka kamba, akasema:
"Usingoje uone. Kabla picha haijaja, wewe kushoto."

Mara ya kumi na mbili nilibonyeza kioo kikiwa bado cheusi.
Moto ukapita begani. Ukuta ukaupokea.
Asilimia tisa ile ile.
Okech akafyatua.

Sasa ana miaka thelathini na mmoja, anatengeneza simu Kibuye,
na damu yake bado humvamia bila kubisha hodi.
Huniita saa nane za usiku.
Hasemi naumwa. Hasemi njoo.
Husema, "Imefunguka pale pale,"
nami tayari niko gizani, sijawasha taa,
napapasa viatu kwa vidole,
kushoto.