Mfereji wa Paji

Mama ana mfereji kwenye paji la uso.
Nilipokuwa mdogo kidole changu kilitoshea humo.
Niliamini wanawake wote huzaliwa nao,
mpaka nilipoona paji la mke wa daktari, laini kama sahani.

Mkanda ndio uliouchimba.
Magunia ya makala kutoka Idjwi, unga wa mihogo,
mara moja friji ya bwana mmoja wa Nyawera,
kutoka Muhanzi, penye maji, hadi Kadutu, juu,
mgongo umekunjwa, macho yakihesabu mawe,
kwa faranga ambazo mwenye mzigo
alizipunguza kila alipoona mvua.

Nami nikawa katekista.
Kwaresima yangu ya kwanza mbele ya watu nikasema,
kwa sauti niliyoazima kwa padri:
"Mama zangu wabeba mizigo, msinung'unike.
Huo ndio msalaba wenu. Yezu aliubeba wake kimya."
Wakaitikia Amina. Wengine walikuwa wamesinzia.

Mama hakuitikia.
Alingoja tufike nyumbani, akachambua maharage,
akatupa jiwe, akatupa jingine,
kisha, bila kuinua kichwa:

"Bishikwabo, kama mzigo wangu ni msalaba,
basi anayenipunja anafanya kazi ya Mungu.
Usimsingizie Yezu njaa yetu.
Mimi sikuuchagua mkanda. Mkanda ulinikuta."

Nikanyamaza. Maji yakaanza kutokota.

"Lakini siku ya Cikwanine, unaikumbuka?"

Ningeisahau vipi?
Nilikuwa na miaka tisa, na njaa ya miaka tisa.
Mvua ilikuwa imeugeuza mlima kuwa sabuni.
Cikwanine, mimba ya miezi minane, akateleza,
gunia likamwangukia,
na mwenye gunia akauliza kwanza hali ya gunia.
Mama akatua mzigo wake kando ya mtaro,
akavaa mkanda wa mwenzake, akapanda nao hadi sokoni,
akamrudishia malipo yote mkononi,
noti zimelowa kama majani ya sombe.
Mzigo wake mwenyewe ulikuwa umeshapewa mwingine.

Usiku ule tulikunywa maji ya moto yenye chumvi.
Nilimchukia. Nilimgeuzia mgongo kitandani
nikitumaini ataniomba radhi.
Alikoroma kama mtu aliyelipwa.

"Ule," akasema, akimimina maharage sufuriani,
"ule mmoja ndio nitakaomwonyesha akiniuliza.
Hakuna aliyenitwika. Niliinamia mwenyewe.
Na uliuma vilevile.
Usiwadanganye watu kwamba upendo hupunguza kilo.
Ila siku hiyo shingo ilikuwa yangu."

Nikataka kumshinda, Mungu anisamehe.
Nikasema: "Na mtoto, je?"
Maana mtoto wa Cikwanine aliishi siku kumi na moja.

Akafunika sufuria.
Akapangusa mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole.
"Sikubeba ili anilipe kwa kuishi."

Mwaka huu, Jumatano ya Majivu, nilishika kisahani
nyuma ya padri mgeni, kijana, mwenye haraka.
Foleni ikasogea hadi kwa Mama.
Yeye aliyetazama mawe miaka thelathini
akainua uso, wote, kama mtu anayepokea mvua.
Dole gumba likashuka kutoka kwenye nywele,
likafika mferejini, likasita.
Mstari wa kulala ulikuwapo tayari.
Majivu yakaingia humo yenyewe
na padri, sijui kama alielewa, hakuchora zaidi.

Jumapili nafundisha tena.
Karatasi yangu ina neno moja,
nalo nimelifuta mara mbili.