Nguzo ya Tatu

Kipimo cha moyo, mara mbili: mzima.
Nikaona aibu kuliko kama ningeambiwa naumwa.

Tangu Jumamosi ile Kiboriloni,
kifua kilipobana katikati ya mitumba
nikakimbia, nikaacha kiatu kimoja na chenji,
ndizi ananinunulia Ndeshi, mtoto wa jirani.
Komeo la geti limeshika kutu.

Mama mkwe alisema maombi.
Yameombwa.

Eliaichi, muuguzi wa Mawenzi, hakunicheka:
"Hofu haiui. Ikija, iache ikae; itachoka."
Akanipa miadi ya Jumatano, na kazi:
kila siku nguzo moja ya umeme.

Nguzo ya tatu. Vidole ganzi, jasho.
Sikimbii.
Nimeukumbatia mti wake mkavu, wenye lami,
nahesabu pumzi.

Ndeshi anatokea na kapu,
ananiona,
anasahau hata shikamoo.