Mama Hayupo

Nimelipata daftari ndani ya kopo la biskuti,
chini ya risiti za gesi na rozari iliyokatika uzi.
Jalada jekundu, kona zimeliwa na unyevu
wa nyumba ile ya Strabane isiyokauka kuta.
Mwandiko ni wa mama: saba zake zina mkia,
na alipokosea hakufuta, alikata mstari mmoja tu,
kama mtu asiyetaka kosa lake lisahaulike.

Fergal, baiskeli: themanini na tisa.
Gráinne, nyumba ya mwanasesere: arobaini na mbili.
Betri: nne na nusu. Betri tu!
Mdogo: kitu chochote chenye sauti.
Kisha chini, kwa kalamu nyingine:
McGlinchey, mia mbili.
Kumi na mbili kila Ijumaa, mara ishirini na nne.

Kazi yangu ni hesabu, nazidisha bila kupenda.
Mia mbili themanini na nane.

Ijumaa hizo nazikumbuka.
Wakati ule hazikuwa na jina la deni,
zilikuwa na viatu: viatu vyeusi vya McGlinchey
nilivyoviona kupitia tundu la barua mlangoni,
vikingoja, vikihamisha uzito, kushoto, kulia,
mvua ya Februari ikividundia.
Wiki ambazo pesa haikutimia
mama alijikunja nyuma ya kochi, kidole mdomoni,
na mimi, miaka saba, ndiye niliyefundishwa maneno:
"Mama hayupo."
Niliyasema vizuri sana. Nikasifiwa.
Nikadhani ni mchezo mmoja wa Krismasi
uliosalia kwenye boksi.

Nyumba ya mwanasesere ilikuwa na kengele ndogo mlangoni.
Mwanasesere wangu naye hakuwa akifungua.

Jana usiku nimempigia Fergal, yuko Leeds,
nikamuuliza habari za baiskeli.
Akacheka. "Ile? Iliibwa kabla ya Pasaka."
Kisha kimya, nikasikia naye anahesabu.
Basi wiki kumi na kitu
mama alilipia baiskeli
iliyopandwa na mtoto wa mtu mwingine.

Dawa ya deni kulipa, husema wasiodaiwa.

Siku hizi McGlinchey hana viatu.
Anakaa ndani ya simu yangu, rangi ya zambarau,
ananiita kwa jina langu la kwanza:
chukua leo, Gráinne, lipa kwa vipande vitatu.
Habishi hodi. Alishaingia.
Na Odhrán ameandika barua kwa Baba Krismasi,
kwa adabu, "tafadhali" mara tatu,
anaomba mashine ya michezo ya mia nne na sitini,
akaongeza namba ya bidhaa
ili mzee asichanganyikiwe dukani.

Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu marehemu.
Nilikuwa na sentensi nzima, nilishainoa:
Mama, tungefurahi hata kwa chungwa.
Uongo. Tusingefurahi.
Nilikuwa na miaka saba, na Sorcha wa jirani
alikuwa na nyumba ya mwanasesere yenye ghorofa tatu.
Mama aliuona uso wangu dirishani kwa Sorcha.
Uso huo ndio haukuandikwa daftarini,
na ndio uliokuwa ghali.

Ukurasa wa mwisho, katikati ya Juni:
Nimemaliza. Mstari chini yake, wa rula.
Wiki iliyofuata, mwandiko uleule:
Krismasi, pauni mbili.

Nimekaa jikoni, daftari mkono huu, simu mkono ule,
kidole gumba kikielea juu ya rangi ya zambarau,
chai imeota ngozi.
Mlango unagongwa. Kifurushi, pengine,
au mwanamke wa parokia na kopo lake la michango.
Namsikia Odhrán akishuka ngazi mbilimbili,
anasimama ukumbini, anapaza sauti:

"Mama, niseme upo?"